Kisanduku cha Simu ya Mume

Jua la saa sita lilikuwa limelipata barabara soko la Konyo Konyo mjini Juba. Awut alipita katikati ya mafungu ya nyanya na samaki wakavu, kompyuta ya kukunja ameikumbatia kifuani, moyoni akimlaani kila aliyehusika: aliyeuza jenereta, aliyeitengeneza, na hasa yule bwana wa Nairobi aliyekuja na fulana zenye nembo kuwatangazia kwamba karatasi zimekwisha, sasa mambo ni digitali. Digitali! Zahanati ya wajawazito alikofanya kazi ilikuwa siku ya tatu bila umeme. Kadi za kina mama zimerundikana, betri imebaki na dakika kumi, na meseji za kuwakumbusha kliniki ya kesho bado hazijatoka.

Alikuwa amevaa blauzi nyeupe na sketi ya kitenge cha bluu aliyoshonewa Eldoret, inayomkaa vizuri kiunoni, lakini vumbi jekundu lilikuwa limempanda hadi magotini. Hakuwa na habari kwamba anapendeza. Mtu mwenye hasira kiasi kile hana nafasi ya kujua mambo kama hayo.

"Nyabo, mama! Wewe nabeba mtoto mgonjwa?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mmoja wa Uganda, mfupi kidogo, shati la manjano limepigwa pasi kana kwamba anakwenda harusini. Mbele yake palikuwa na meza yenye simu kama sitini hivi, kila moja ina waya wake, na nyuma yake jenereta ndogo ilikuwa ikinguruma kwa raha zake.

"Ni kompyuta," Awut alisema. "Inakufa. Utaichaji ama hutaichaji?"

"Banange! Mtu nasalimia kwanza."

"Salamu baadaye, bwana! Kuna wamama mia moja hapa wanangoja meseji."

Kijana alicheka, akachomoa simu mbili, akamwekea. Awut akakaa kwenye kreti la soda akaanza kubonyeza. Ndipo alipoona kwamba kila simu pale mezani ilibandikwa kipande cha plasta nyeupe, ile ya kidonda, chenye jina la mwenyewe. Mwanamume mmoja mwenye sare ya jeshi alifika, akaishika simu moja na kuuliza ni nani aliyempigia mkewe asubuhi ile.

"Mimi nachaji tu, afande," kijana alijibu. "Hapana soma."

"Lakini uliiona ikilia."

"Iko nyingi. Zote nalia."

Askari akasonya, akaondoka. Awut alimwangalia yule kijana upya. Tabasamu lake lilikuwa limekwenda kabisa, kisha likarudi lilipomgeukia yeye.

"Sasa tunaweza salimia? Mimi naitwa Cyril, kutoka Mbarara."

"Awut," alisema, na mwenyewe akashangaa kwamba anacheka.

Ilikuwa mwaka 2009, mwaka wa nne tangu amani isainiwe, na Juba ilikuwa imejaa watu waliotoka kwingine. Awut alikuwa mmoja wa wale waliokulia Kenya: Kakuma utotoni, Eldoret shuleni, halafu stashahada ya kompyuta na safari ya kurudi katika nchi ambayo hakuwahi kuijua. Cyril alikuwa amekuja na jenereta yake juu ya lori la ndizi. Jenereta ya zahanati iliendelea kufa kila wiki, na Awut akaendelea kupeleka kompyuta Konyo Konyo, mpaka ikafika mahali jenereta inapona na yeye bado anakwenda.

Cyril alimwita Daktari wa Kompyuta. Alimnunulia soda baridi, akamfundisha salamu ya kwao, "agandi", akampigia simu kila saa saba mchana eti kujua kama kompyuta imekula.

"Imekula," Awut angejibu. "Ila mwenyewe hajakula."

"Basi mwenyewe kuja. Mimi iko na muhogo na kuku."

"Wewe utaninenepesha ndugu zangu washindwe kunitambua."

"Wakishindwa, mimi nabandika wewe plasta. Naandika: huyu ya Cyril."

Awut angecheka hadi Norman, karani mwenzake wa zamu ya asubuhi, ageuke kumtazama. Alimpenda yule Mganda, kumpenda kwenyewe, kiasi cha kwenda mtaa wa Lemon Gaba kumkabili baba yake mdogo, Malith, aliyemlea baada ya baba kufa vitani. Malith alinyamaza kwa wiki mbili nzima. Mganda? Mchaji simu? Mwishoni alikubali kumwona, siku moja tu, Jumamosi saa nane. "Asipokuja saa hiyo," alisema, "usinitajie tena jina lake." Malith hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Jumatatu ya wiki ile ile, bwana wa Nairobi akatuma programu mpya.

Ile ya zamani ilikuwa imemtesa vya kutosha. Palikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa *Simu ya mume*, na ukikiacha wazi mashine inakataa kuhifadhi, tena inafuta yote uliyoandika. Mara tatu Awut aliwaandikia Nairobi kwamba nusu ya kina mama hawa hawana simu, na waume zao wako kambini au hawapo duniani. Mara tatu alijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa kwa shukrani. Hii mpya ilitaka kadi zote ziingizwe upya, ikaja na kisanduku kile kile, na juu yake ikaongeza kupiga kelele.

Jumatano saa nne asubuhi alikuwa akiingiza kadi ya mama mmoja aitwaye Nyandeng, mimba ya miezi minane. Alipoandika simu ya mume, maneno mekundu yakaruka: *Nambari hii imeshatumika mara 6.*

Akasonya. Akaiandika tena. Mara ya pili vidole vyake viliitambua nambari kabla ya macho, maana ndiyo aliyoibonyeza kila siku akiwa na njaa.

Ilikuwa ya Cyril.

Ukutani mbele yake palikuwa na karatasi aliyoibandika kwa mkono wake mwenyewe: *Kadi ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa.* Awut hakuitazama. Alifungua kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote sita, zilizoingizwa na Norman asubuhi za nyuma. Wanawake sita, wote wajawazito, na Nyandeng wa saba. Kwenye kila kadi, simu ya mume ni ya Cyril. Aliandika majina saba kwenye kipande cha karatasi, akatoka bila kuaga mtu.

Njiani alijiambia lazima pana maelezo. Alijiambia hivyo mpaka alipofika sokoni na kumwona Cyril ameinama kwenye benchi la mama chai mwenye tumbo kubwa, akimnong'oneza sikioni, na mama yule akiitikia kwa kichwa. Cyril alirudi mezani pake akitabasamu.

"Daktari! Leo mapema. Jenereta nakufa tena?"

"Yule mama ni nani?"

Tabasamu likapungua. "Nauza chai."

"Anaitwa Nyandeng?"

Cyril akatupa jicho kwenye mabenchi ya chai.

"Cyril, nambari yako iko kwa kompyuta yetu mara saba. Wamama saba, wote wana mimba, na mume wao ni wewe. Nieleze. Nakuomba, nieleze sasa hivi, nicheke nirudi kazini."

"Awut, mpenzi, kaa kwanza."

"Sikai!"

"Mimi iko na wewe peke yako. Mungu naona."

"Basi hao ni nani?"

Cyril aliokota simu moja, akaibana plasta yake vizuri ingawa haikuwa imebanduka. "Hiyo jibu siyo yangu," alisema polepole. "Mimi hapana weza kutoa."

"Si yako? Nambari ni yako, jibu ni la nani?"

"Siyo yangu."

Angesema uongo wowote pale, Awut angeushika kwa mikono miwili. Lakini ile "siyo yangu" ilimwingia kichwani ikamvuruga. Siku tatu kabla ya Jumamosi! Wiki mbili amevumilia ukimya wa Malith kwa ajili ya mtu huyu! Alitoa karatasi, na kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza samaki, akaanza kusoma.

"Haya, watu wa Konyo Konyo, sikieni wake wa Cyril! Wote wameandikishwa kliniki, kadi zao nimeziona kwa macho yangu. Nyandeng! Yangi! Nyakuon!"

Glasi ilipasuka benchi la pili. Mama chai alikuwa amesimama, mkono tumboni, uso umembadilika. Kando yake mwanamume mwenye sare aliweka kikombe chake chini.

"Nyandeng wetu?" alisema. "Shemeji, una kadi gani? Uliniambia hujawahi kwenda kliniki."

Nyandeng alifunga birika zake kwenye shuka, akaacha makaa yakiwaka, akaondoka kwa haraka isiyofaa kwa tumbo lile. Shemejiye akamfuata nyuma.

Awut alikuwa amebaki na majina manne mdomoni na hakuna aliyeyataka tena. Cyril alikuwa amesimama. Kwa miezi mitano Awut hakuwahi kumwona amekasirika, akagundua kwamba Cyril akikasirika hupunguza sauti.

"Hiyo karatasi natoka wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Wewe nafungua kadi ya watu, nakuja kusoma sokoni?"

"Usinigeuzie maneno, mimi ndiye niliye..."

"Khalas, Awut." Alianza kuchomoa nyaya, moja moja. "Jumamosi mimi hapana kuja. Ambia baba yako."

Awut aliondoka pale akiwa amenyooka mgongo, akalia alipofika nyuma ya duka la mabati ambako hakuna aliyemjua. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimpigia Cyril jioni ile mara tatu. Mara mbili mtandao ulisema mteja hapatikani, na mara ya tatu ikaita mpaka ikachoka.

Alhamisi palikuwa na kliniki na Nyandeng hakutokea. Nyagach, mkunga mkuu, mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisubiri mpaka saa saba, kisha akaja kwenye meza ya Awut na kadi mkononi.

"Huyu hajawahi kukosa," alisema. "Walinipa habari sokoni asubuhi. Ni kweli ulisoma majina?"

"Mama Nyagach, huyo mtu alinidanganya! Ni mume wa..."

"Si mume wa mtu." Nyagach alivuta kiti, akakaa kwa uzito wake wote. "Awut, jioni zote zile, nani alikuwa ananipigia kelele? Kadi zako zina kisanduku wazi, Mama Nyagach! Mashine imekataa tena, Mama Nyagach! Nikakuuliza, mama hana simu, mumewe hana simu, nijaze nini? Ukanijibu nini?"

Awut alikumbuka.

"Nilisema jaza chochote."

"Jaza chochote! Mimi sikutaka kujaza uongo. Nikawaambia wamama, nileteeni nambari ya mtu mnayemwamini, atakayewasomea meseji. Wauza chai na wauza samaki wa Konyo Konyo wakaenda kwa mchaji simu wao. Yule Mganda anawasomea, tena akikosa kumkuta mtu, anapanda boda boda kumtafuta. Wewe unadhani kwa nini wanakuja kliniki? Kwa sababu ya kompyuta yako?"

"Kwa nini hakuniambia? Neno moja tu!"

Nyagach alivua miwani, akaifuta kwa kanga. Aliposema tena, alishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu chumbani.

"Nyandeng ana dawa za kila siku. Za kumkinga mtoto. Ukweni hawajui hata kama anakanyaga hapa, na wakijua ni dawa gani watamfukuza. Meseji yake inasema dawa, za wengine hazisemi. Yule kijana alipoipata mara ya kwanza alinijia hapa, akaniuliza: mtu akikosa hii, itakuwaje? Nikamwambia, mtoto anaweza kuupata ugonjwa. Akaapa mbele ya Nyandeng kwamba hatasema kwa mtu yeyote, hata kwa mchumba wake. Wewe kadi ulikuwa nayo mezani, hukuona palipoandikwa?"

"Nilitazama nambari tu," Awut alisema, na aibu ikampanda usoni ikawaka hasa.

Alikuwa na hasira na bwana wa Nairobi, na mashine yenye visanduku vya mtu asiyewahi kufika Juba, na Cyril kwa kuwa mwaminifu namna ile. Lakini karatasi ile hakuna aliyemwandikia. Mashine ilikuwa imefungua mlango, aliyeingia na kutoka na siri ya mtu mkononi alikuwa yeye.

"Dawa zake zinaisha lini?"

"Kesho."

"Nipe nimpelekee."

Nyagach akamfungia vidonge kwenye karatasi ya majani ya chai, akaviweka chini ya vitunguu kwenye mfuko, akamwelekeza nyumba, nyuma ya makao ya jeshi ya Bilpam, yenye ua wa mianzi na mlango wa kijani. Asubuhi ya Ijumaa Awut alipanda boda boda na mfuko wake wa vitunguu, amejifunga kitenge kichwani.

Nyandeng alikuwa peke yake, akichambua mchele. Alipomwona, hakusimama.

"Umekuja kusoma tena?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Na Mama Nyagach ametuma vitunguu."

Nyandeng aliingiza mkono mfukoni, akapapasa mpaka chini, akatulia. Pumzi ilimtoka kidogo. Aliusogeza mfuko nyuma ya goti lake.

"Shemeji yangu, Mawien, aliniuliza usiku na mchana ni kadi gani. Nimemwambia wewe ni kichaa. Nimemwambia umechanganyikiwa kwa wivu, unataja kila jina la mwanamke unalolijua. Nusu ameamini."

"Sawa."

"Nusu haitoshi. Saa hizi yuko Konyo Konyo anakunywa chai ya mtu mwingine. Nenda ukamwambie mwenyewe kwamba hakuna kadi. Sema una kichaa, na watu wote wasikie. Huko ndiko ulikonitaja."

"Nikisema hivyo utarudi kliniki?"

"Nitazaa mtoto wangu salama. Kukusamehe, sijui." Akarudi kwenye mchele wake. "Nenda kabla hajaondoka."

Awut alikuwa mtu wa kujisikia kidogo, tuseme ukweli. Stashahada yake aliitia fremu. Ijumaa saa tano alisimama mbele ya mabenchi ya chai, mita chache tu kutoka kwa zile simu sitini.

"Bwana Mawien, samahani. Majina yale niliyoyasoma juzi niliyatunga. Hakuna kadi ya Nyandeng, sijawahi kuiona. Nilimwona anaongea na mchumba wangu, wivu ukanipanda, nikawa kama kichaa."

"Uliyatunga?"

"Niliyatunga yote. Sina akili vizuri nikipenda."

Mwanamke wa samaki akaangua kicheko, na soko zima likamfuata. Mmoja akapiga vigelegele. Mwingine akauliza kama ugonjwa huo wa mapenzi una sindano kule zahanati. Mawien alitikisa kichwa, akatabasamu kwa shida, akasema mabinti waliorudi kutoka Kenya wote wako hivyo, malesh, haidhuru, akaagiza chai nyingine. Awut alisimama akiwaacha wacheke mpaka waishe. Cyril alikuwa ameinama mezani pake, akiandika jina kwenye plasta. Hakuinua kichwa hata mara moja.

Alirudi ofisini macho mekundu. Simu ya Cyril haikupokelewa. Jenereta, kwa maajabu ya Mungu, ilikuwa inafanya kazi. Akakaa mbele ya mashine ile aliyoichukia, akafungua sehemu ya kutuma meseji, akaandika nambari aliyoijua kwa vidole:

*Mpendwa mteja, unakumbushwa kufika Jumamosi saa nane mchana, Lemon Gaba, kwa Malith. Ukikosa, kuna mtu atapata shida. Ni kosa lake, anajua. Tafadhali usikose.*

Akabonyeza. Mashine ikafikiri. *Ujumbe umewekwa kwenye foleni.* Foleni! Haki ya Mungu, alitamani kuirusha dirishani.

Jumamosi Malith alivaa suti yake ya kijivu, akakaa uani na wazee wawili. Awut alikuwa na gauni la zambarau na shanga za mama yake, akipita na kupita na trei ya soda. Saa nane ikafika. Saa nane na nusu. Wazee wakaongelea mvua. Saa tisa kasoro Malith aliinua mkono akatazama saa, akaanza kufungua kifungo cha koti.

"Baba, ngoja kidogo."

"Nilisema saa nane."

"Najua ulisema. Kosa si lake, ni langu. Mimi ndiye niliyemfukuza. Kama utamkasirikia mtu, huyu hapa."

Malith alikuwa bado ameshika kile kifungo wakati boda boda iliposimama nje kwa kishindo. Cyril akaingia, shati la manjano limegeuka rangi ya barabara, plasta mbili zimemgandia mkononi. Aliwapigia wazee goti kama wafanyavyo kwao, akaomba radhi, kisha akamgeukia Awut.

"Meseji yako naingia saa nane na nusu," alisema, anahema. "Tangu jana! Mimi nasoma, nasema hii ni ya mama gani? Nasoma mara mbili. Halafu naona ni yangu."

"Nilifikiri umekataa kuja."

"Mimi nilikasirika. Bado nakasirika. Lakini meseji ikifika, mimi nafikisha mtu. Hii ilikuwa mimi, basi najifikisha."

Awut alitaka kucheka na kulia pamoja, na mbele ya wazee hakuna kinachofaa kati ya hayo mawili. "Nisamehe, Cyril," alisema tu. "Mimi ndiye nilikosa."

"Jana nilisikia," Cyril alisema kwa ile sauti ya chini. "Yote nilisikia."

Malith alikohoa. "Wewe uliyechelewa. Kwenu mna ng'ombe?"

"Baba, sisi ni watu wa Mbarara," Cyril alijibu, na hapo uso ukamchangamka. "Ng'ombe yetu iko na pembe kama hivi." Akanyoosha mikono yote miwili mpaka mwisho.

Wazee walitazamana. Malith akakifunga tena kile kifungo, akasogeza kiti chake karibu. "Rangi gani?" aliuliza, na mpaka saa kumi na moja hakuna aliyekumbuka kwamba kuna binti anayeozwa.

Nyandeng alizaa salama mtoto wa kiume, na vipimo vyake vilikuja vizuri. Awut hakuambiwa na mashine, aliambiwa na Nyandeng mwenyewe, kwa maneno machache, siku alipomrudishia ule mfuko wa vitunguu. Hawakuwa marafiki. Awut aliendelea kuwaandikia Nairobi kuhusu kile kisanduku, na Nairobi wakaendelea kushukuru.

Mwaka uliofuata, miezi michache kabla ya kura ya maoni ya uhuru, Awut alikaa upande wa pili wa meza, tumbo la miezi minne chini ya kitenge cha bluu. Norman alimwingizia kadi.

"Simu ya mume?"

Cyril, aliyekuwa amekaa kando yake, aliitaja kwa fahari, tarakimu moja moja. Norman akaandika. Maneno mekundu yakaruka.

"Imekataa," Norman alisema. "Inasema nambari hii imeshatumika mara kumi na tisa. Inataka mume mwingine."

"Ati nini?" Awut alipiga meza. "Huyu ndiye! Yuko hapa ameketi! Wale wote ikawakubali, mimi mwenye mume wangu inanikatalia?"

"Nijaribu tena?"

Wakajaribu mara tatu. Ya tatu ikafuta kadi nzima. Wakati huo simu ya Cyril ililia, akaisoma, akasimama.

"Mama wa samaki iko na kliniki kesho," alisema, akimgusa mkewe begani. "Nakwenda ambia yeye, narudi. Sukari yangu, usipige hiyo mashine."

Awut alimtazama akitoka mbio kuelekea sokoni, shati la manjano likipeperuka. Akashusha pumzi, akageukia kisanduku kile chekundu.

"Weka yangu," alimwambia Norman.

Mashine ikakubali.